Mwalimu Aliyeagwa kwa Pilau

Kumhamisha fisi si kulinda mbuzi. Mliisikia jana kikaoni, wanangu, mkauliza nani aliyeisema kwanza. Methali hii ilianza kwa mama mmoja wa milimani, jina lake Nanzia.

Binti yake, Naetwa, alikuwa darasa la saba. Siku moja alirudi nyumbani sare imechanika begani. Mwalimu Semboja alikuwa amemwita ofisini eti amsahihishie hesabu, akafunga mlango, akaanza kumshikashika. Mtoto alimng'ata mkono, akatoka mbio.

Asubuhi yake Nanzia alifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu mkuu akaita kamati ya shule. Wajumbe wakakohoa, wakatazamana.

"Mama Naetwa," mwalimu mkuu akasema, "tukienda polisi, jina la shule litachafuka, na la bintiyo pia. Nani atakuja kumwoa? Tutaomba mwalimu ahamishwe. Yataisha."

"Na huko anakokwenda hakuna watoto?"

"Wana wazazi wao."

Nanzia alifungua kinywa, kisha akamwona akilini bintiye akinyooshewa vidole kisimani. Akakubali. Moyoni alijiambia: wangu amepona.

Semboja aliagwa kwa pilau na hotuba. Wakamsifu kwa bidii ya kazi.

Mwaka uliofuata, siku ya kikao cha wazazi, mwanamke mgeni aliupanda mlima hadi shuleni. Alitoka kijiji cha bondeni, alikohamishiwa Semboja. Alipopewa kiti, hakuketi. Alisema binti yake ana mimba ya Mwalimu Semboja. Semboja katoroka, na mtoto hataki kula wala kusema.

"Nimekuja kuuliza neno moja tu," akasema. "Mlijua?"

Mwalimu mkuu alianza kupekua karatasi zake. Ndipo Nanzia alipoinuka.

"Tulijua, dada yangu. Tulimkuta fisi zizini mwetu, tukamsindikiza hadi zizini mwako."

Mgeni hakumtukana. Laiti angemtukana! Alimtazama tu, akajifunga khanga yake vizuri, akashuka mlima peke yake.

Siku hiyohiyo Nanzia alimshika Naetwa mkono, wakaenda polisi, wakaeleza yote. Semboja hajapatikana hadi leo. Majirani walimwuliza Nanzia kwa nini anafukua mambo yaliyokwisha, ilhali shule ilishamhamisha yule mtu zamani. Kila aliyeuliza alipata jibu lilelile, kavu, bila salamu:

"Kumhamisha fisi si kulinda mbuzi."