Mafua ya Kobe Taratibu

Jumbe Mkumbukwa alitaka kobe wa kupamba bustani yake, na alipotaka kitu hakuwa na desturi ya kuomba. Alipita nyumba kwa nyumba akichagua, mpaka akafika kwa Bi Somoe, aliyemlea kobe wake Taratibu tangu usichana wake. Chungu cha mlenda kilikuwa kinatokota jikoni.

"Mlete," alisema Jumbe. "Na usiniambie ni mgonjwa. Kobe nawajua mimi."

"Nani akudanganye wewe, Jumbe? Mkague mwenyewe."

Bi Somoe aliingia jikoni, akatoka na Taratibu mikononi. Jumbe alimpima uzito, akaridhika. Aligonga gamba, akalikuta gumu. Macho nayo yaling'aa.

"Huyu ndiye!" alisema, kisha akaona ute mrefu ukining'inia puani. "Aa! Si mafua haya?"

"Kidogo tu. Mchukue, atapona akiwa na wenzake."

"Aniambukizie kobe wote? Una wazimu, mama?" Alimtua upesi, akajifuta mikono kwenye kanzu. "Dawa yake nini?"

"Matikiti, Jumbe. Lakini mimi nitayatoa wapi? Nawahurumia wa kwako tu, maana ukuta wetu ni mmoja."

Kabla jua halijatua, kapu zima la matikiti lilifika.

Bi Somoe alipasua moja, akamkalisha Taratibu mbele yake na kumpangusa mlenda puani kwa upindo wa kanga.

"Kula, mgonjwa wangu," alimwambia. "Haya yakiisha, tutakohoa."