Bwana Fisi Acheza Kibe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Pakawa na waliokuwapo, tuwataje basi.

Mwambani alikuwapo Bibi Pimbi, ambaye wengine humwita pelele, lakini panya si ndugu yake. Alikuwapo Machano, mjukuu wake. Alikuwapo Mize, dada yake Machano. Alikuwapo Mosi, mtoto wa Kanga. Na siku hiyo alikuwapo Sikitu, mtoto wa Digidigi.

Mama zao wakienda malishoni, Bibi Pimbi ndiye aliyewalea wote. Sikitu alikuwa mgeni. Alilelewa kichakani, yeye na mamaye tu, akafunzwa jambo moja: akija usiyemjua, lala, usitikisike, usiseme. Lakini kiangazi kilikausha majani ya karibu, mama akalazimika kwenda mbali.

"Huyu ana ulimi?" Machano akauliza. "Au ni jiwe lenye masikio?"

Sikitu kimya. Alitamani kucheka nao, ila hakujua kicheko huanzia wapi.

Tifu, tifu, tifu! Bwana Fisi huyo.

"Karibu, Bwana Fisi."

"Sikuja kukaribishwa, Bibi. Nimekuja kula."

"Utakula, baba. Ila hapa mgeni hali kabla hajacheza na watoto. Kibe, mchezo wa kujificha, unaujua? Au hukulelewa na wenzako?"

Fisi hakuwahi kucheza na mtu. Alikuwa na ndugu mmoja, akamla wangali wachanga. Lakini aliona haya kusema.

"Kibe? Mimi ndiye bingwa!"

"Basi fumba macho. Usifumbue mpaka watoto waseme tayari."

Fisi akafumba. "Tayari?"

"Bado!" Machano huyo, chupu! ndani ya ufa.

"Tayari?"

"Bado!" Mize huyo, chupu! ufa wa pili.

"Tayari?"

"Bado!" Mosi huyo, purrr! juu kileleni. Bibi naye akajipenyeza ufani.

Sikitu akabaki. Nyufa zote zilikuwa nyembamba kwa miguu yake mirefu. Akalala kando ya jiwe, rangi moja na jiwe.

Fisi akachoka, akafumbua macho. Hakuna mtu! Akanusa, akasogea, akakanyaga karibu na sikio la Sikitu. Sikitu hakupepesa.

"Bado!" Machano akapiga kelele kutoka ufani, yule yule aliyemwita jiwe. Fisi akairukia sauti. Kwaa! Kichwa kikanasa ufani.

"Jamani," akauliza humo humo, "tayari?"

Watoto walikuwa hoi kwa kicheko, hakuna aliyeweza kujibu. Sikitu akainuka, akasema neno lake la kwanza mbele ya wenzake:

"Bado!"

Jioni mama zao waliporudi, Fisi alikuwa angali amenasa.

"Ulinyamaza, mwanangu, kama nilivyokufunza?"

"Nilinyamaza, mama. Halafu nikacheza."

Mama Digidigi akapiga goti. "Asante, Bibi. Sina cha kukupa."

"Umekwisha kutoa, mwanangu. Kelele tulikuwa nazo; kimya kimetoka kwako."

Fisi alijichomoa baadaye, masikio yamechubuka. Mpaka leo huzunguka akilia, akiuliza kama wako tayari.

Hadithi imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda airudishe mwambani. Na funzo lake, ukimwuliza Fisi, ni hili: msiwapeleke watoto kwa wenzao. Watajifunza uongo, na wageni watakuja na njaa waondoke na njaa.

Bibi Pimbi alifariki kwa uzee kabla ya masika, lakini kibe chake watoto wangali wanakicheza.