Kispika Ndani ya Kopo la Vifungo

Mziba mdomo haulizi habari.

Ndiyo maneno niliyomwambia mwenyekiti wetu wa wakulima asubuhi hii, nanyi mkacheka kabla hamjayaelewa. Wiki iliyopita alisimama papa hapa, kwenye banda la kupimia ndizi, akasema kikao si mahali pa maswali. Mwenye neno alimeze. Leo lori limekwama ng'ambo ya daraja lililobomoka, ndizi zinaiva mikononi mwetu, naye anafoka kwa nini hakuna aliyempa taarifa ya daraja. Angepewa na nani? Basi kaeni. Mvua hii haina haraka, na mimi sina pa kwenda. Methali mnayoiuliza haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilizaliwa hapahapa Tukuyu, nyumbani kwa fundi redio, kwa sababu ya mashine iliyokataa kuamka.

Fundi huyo aliitwa Lugano. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa dirishani katika chumba kilekile alichofanyia kazi mumewe. Miaka ishirini walikuwa wamekigawana chumba hicho, huku moshi wa risasi ya kulehemu, huku vumbi la vitambaa.

Mwaka mmoja, mwanzo wa masika, radi ilipiga nguzo ya umeme ya mtaani kwao ikaiunguza kompyuta yao ya zamani. Kilichopona ndani yake ni diski tu, kile kisanduku bapa kinachohifadhi sauti na maandishi. Na ndani ya diski ile ilikuwamo sauti ya baba yake Tupokigwe, mzee Mwaisaka, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Lugano mwenyewe ndiye aliyemrekodi, siku mzee alipokubali kusimulia jinsi ukoo wao ulivyofika katika milima hii. Nakala nyingine haikuwapo.

Sasa Jumamosi ukoo ungekusanyika kulijengea kaburi la mzee, hapahapa Tukuyu. Mjane wake, Bibi Gwantwa, angeletwa kutoka kijijini. Alikuwa amedhoofika, chakula kinamshinda, na aliomba jambo moja tu: aisikie tena sauti ya mumewe kabla hajamfuata.

"Utaisikia, mama," Lugano alimwahidi.

Angeweza kutafuta kompyuta iliyokwisha kuundwa. Hakutaka. Aliagiza vipande kimoja kimoja kutoka Dar es Salaam ili aiunde kwa mikono yake. Watu walipomuuliza kama anaweza, alijibu, "Redio nimezifungua tangu sijaota ndevu. Hii nayo ni redio, tena yenye kioo."

Jumatatu maboksi yalifika kwa basi. Tupokigwe alisimamisha cherehani, akavuta kigoda, akachukua kijitabu cha maelekezo na kuanza kumsomea.

"Baba Sekela, hapa kwenye hivi vijiti vya kumbukumbu wanasema ubonyeze mpaka usikie..."

"Mama Sekela, naomba kimya. Kazi hii haitaki watu wawili."

Tupokigwe alikifunga kijitabu. Hakununa. Alirudi dirishani, akatia uzi kwenye sindano.

Lugano aliendelea. Vile vijiti viwili vya kumbukumbu, vyembamba kama rula ya mwanafunzi, alivichomeka kwenye ubao mkuu kwa ncha za vidole, kama mtu anayelirudisha yai kwenye kiota. Vilikuwa vipya, vinang'aa, aliogopa kuvivunja. Kama vililia au havikulia hakusikia, maana mvua ilikuwa juu ya bati. Kwenye mfuko wa skrubu akakuta kidude cheusi, kidogo kama kifungo cha koti, chenye nyaya mbili. Alikitambua: kispika. Maisha yake yote alikuwa ameyaishi katikati ya redio zinazokoroma. Akasema, "Nyumbani kwangu sitaki mashine ya kupiga kelele," akakitupa chini ya meza.

Alasiri akabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na katikati yake yakaandikwa maneno mawili: hakuna ishara.

Jumanne alichomoa waya baada ya waya akarudishia. Akaipeleka skrini kwa jirani, ikawaka vizuri, akairudisha kifuani akiwa ameifunika kwa turubai. Hakuna ishara.

Jumatano alitoa betri ndogo ya saa iliyomo kwenye ubao, akangoja, akairudisha. Akang'oa kadi ya picha, akaifuta, akaipachika upya. Tupokigwe, ambaye tangu Jumatatu hakuwa ameitaja mashine ile, akasema taratibu kwamba kule stendi kuna kijana anayetengeneza kompyuta, na kwamba kijana huyo alifunzwa kushika bisibisi na Lugano mwenyewe.

"Nikamwangukie mwanafunzi wangu?" Lugano alisema. "Nilikwambia nini Jumatatu?"

"Uliniambia kimya."

"Basi."

Alhamisi alifungua kila kitu. Aliutoa ubao mzima kwenye boksi lake la bati, akautandaza juu ya katoni, akatafuta skrubu iliyoanguka nyuma, akakagua njia za umeme moja moja kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Vijiti vya kumbukumbu hakuvigusa. Alivitazama, akaviona vimesimama wima kama askari wa gwaride, akapita. Alipounganisha tena mgongo ulikuwa umekataa kunyooka, na macho yalikuwa yakimwonyesha skrubu mahali pasipo na skrubu. Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Alikuwa ameanza kuzichukia zile feni. Bora kitu kilichokufa kikatulia kuliko hiki kinachohema usiku na mchana bila kusema kinaumwa wapi.

Walikula wali na maharage bila maneno. Hakuna aliyekuwa amegomba. Ni uchovu tu, umekaa katikati yao kama mgeni asiyejua kuaga.

Ijumaa adhuhuri Bibi Gwantwa akafika. Walimkalisha kwenye kiti cha mkono, wakamfunika blanketi, wakampa uji. Akalitazama lile boksi la bati lenye taa ya kijani.

"Ameamka?" akauliza.

Lugano alisikia kwamba hakuuliza habari za mashine. "Bado, mama. Zinazunguka feni tu."

"Alikuwa mzito wa kuamka," Bibi akasema, akafumba macho.

Lugano akarudi mezani. Hakuwa na waya aliokuwa hajaushika. Hakuwa na wazo lililobaki. Akalilaza paji la uso juu ya boksi, likawa linatetemeka kidogo kwa sababu ya feni, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Sema basi. Una nini? Sema."

Nyuma yake cherehani ikasimama. Tupokigwe alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kisicho na meno.

"Unacheka nini?"

"Nisiseme. Kazi haitaki watu wawili."

"Mama Sekela, nimechoka. Sema."

"Unamwambia nani aseme?"

"Mashine."

"Hiyo uliyoing'oa ulimi Jumatatu?"

Lugano aligeuka. Tupokigwe alikuwa amelishusha kopo lake la vifungo, akalimimina juu ya kitambaa, na kutoka katikati ya vifungo vyeupe na vya rangi akaokota kidude cheusi chenye nyaya mbili.

"Nilikikuta nikifagia," akasema. "Kwenye kijitabu wameandika. Mashine ikiumwa kabla skrini haijawaka, inalia kwa kidude hiki, na kila ugonjwa una mlio wake. Ni kama cherehani yangu. Uzi ukikaa vibaya inalia hivi, sindano ikipinda inalia vile. Tangu Jumatatu mwenzio anataka kukwambia, hana pa kutolea."

"Na wewe ulikuwa unajua? Siku zote hizi?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

Tupokigwe alirudisha vifungo kwenye kopo, kiganja baada ya kiganja, mpaka kitambaa kikabaki kitupu. Kisha akamtazama mumewe.

"Baba Sekela," akasema, "mziba mdomo haulizi habari."

Hasira ilimpanda Lugano. Alisimama na bisibisi mkononi. Alitaka kusema kwamba si yeye aliyeziba, kwamba fundi anahitaji utulivu, kwamba kispika si kitu. Kila alilolishika likamponyoka.

"Kinachomekwa wapi?" akauliza hatimaye.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Tupokigwe akaja na kijitabu na kigoda chake. Akamwonyesha pini nne pembeni mwa ubao. Lugano akachomeka, akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, halafu, kutoka ndani ya boksi, ukatoka mlio mwembamba, mrefu. Ukanyamaza. Ukatoka tena, mrefu vilevile. Ukanyamaza. Ukarudia, kama mtoto aliyefungiwa chumbani ambaye amelia mpaka akachoka lakini bado hajakata tamaa.

"Mlio mrefu unaojirudia," Tupokigwe alisoma kwa kidole. "Vijiti vya kumbukumbu. Havijakaa."

"Vimekaa. Nimeviona kwa macho yangu."

"Basi ngoja nimalizie pale uliponikatiza. Wanasema ubonyeze mpaka usikie vibano vya ncha zote mbili vimelia."

Lugano alizima umeme, akainama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akakipapasa kile kibano cha upande wa ndani, uliofichwa na feni. Kilikuwa wazi, upana wa ukucha. Akabonyeza. Ubao ukapinda kidogo, naye akaacha haraka.

"Bonyeza, mwanangu," Bibi Gwantwa akasema kutoka kitini, macho bado yamefumba. "Hata mtoto hazaliwi kwa kubembelezwa."

Akabonyeza kwa dole gumba na uzito wa bega. Ka. Akahamia cha pili. Ka.

Alipowasha, kispika kilitoa mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu aliyeitwa akaitika. Na skrini ikawaka.

Lugano hakushangilia. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akaomba maji.

Kesho yake kaburi lilijengwa. Haya yaliyobaki nayajua kwa macho yangu, maana nilikuwa miongoni mwa waliochanganya saruji. Tulipomaliza tukanawa, tukakusanyika sebuleni na barazani, na Lugano akaifungua ile sauti.

Mzee Mwaisaka alikohoa kwanza, kisha akaanza. Alisimulia mto waliouvuka, ng'ombe waliopotea, mwaka wa njaa. Sauti ilikuwa yake kabisa, na watu waliinamisha vichwa. Katikati ya masimulizi, kwa mbali, ikasikika sauti ya mwanamke: "Baba Tupokigwe, hebu..." Mzee akaikata bila ukali: "Nyamaza kwanza, mama, narekodiwa." Akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza akavuta pumzi, akasema, "Haya. Ulikuwa unasema nini?"

Hapo sauti ikakatika. Lugano alikumbuka kwa nini. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa ameshika mtambo wa kurekodi, na aliona kazi imekwisha. Kidole chake ndicho kilichozima.

Bibi Gwantwa alisogeza uso karibu na skrini, kana kwamba aliyeuliza yumo humo na bado anasubiri.

"Nilikuwa nakwambia uvae koti," akasema. "Ulikuwa unakohoa."

Sote tulijua kwamba ni kifua kilichomchukua mzee, majuma matatu baada ya siku ile ya kurekodi.

Lugano alimtafuta mkewe kwa macho. Tupokigwe alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani, anamtazama mama yake. Hakumgeukia mumewe. Jana alikuwa ameshalisema. Basi Lugano akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya mkwewe.

"Mama," akasema, "lipo jingine ulilotaka kusema?"

Bibi alimgeukia. "Lipo," akasema. "Lakini ni refu. Keti."

Akaketi sakafuni palepale na suruali yake iliyojaa saruji. Alisikiliza mpaka chai ikapoa, na hakurekodi wala hakukatiza.

Jioni Lugano mwenyewe akatusimulia ya wiki ile, na neno la Tupokigwe likatoka nyumba ile na sisi tuliojenga kaburi. Likafika sokoni, likafika kanisani, leo limefika kwenye banda la ndizi.

Naona mvua imepungua, na mwenyekiti anakuja huku akikanyaga matope. Atawauliza kama kuna njia nyingine ya kulipitisha lori. Njia ipo, kila mmoja wenu anaijua. Mwambieni, kwa sababu ndizi ni zetu sote. Lakini mwacheni kwanza asimame kidogo na swali lake mkononi, kama Lugano alivyosimama na bisibisi, mpaka alisikie mwenyewe: mziba mdomo haulizi habari.