Nakijwa na Mkunde Waliopanga Kukutana Kileleni

Niwape, nisiwape?

"Tupe, Bibi!"

Basi acheni kwanza kurushiana maganda ya maharage. Tunamenya huku tunasikiliza. Mikono ina kazi yake, masikio yana yake.

Ilikuwa zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliikuta ikisimuliwa. Watu katika milima hii ya Upare walikuwa wachache, misitu ilikuwa mingi. Palikuwa na kilele kimoja kikiitwa Irindi. Upande wa huku, jua linakochomoza, kulikuwa na migomba na vijito. Upande wa kule, jua linakozama, kulikuwa na mtama na mawe. Katikati msitu, katikati chui, katikati ukungu. Aliyepita huko ni mrina asali tu.

Upande wa huku aliishi mwanamke akiitwa Nakijwa. Mama yao alipofariki, Nakijwa mwenyewe alikuwa msichana tu, na mdogo wake, Mkunde, alikuwa bado hajaota meno. Nakijwa akambeba. Akilima amembeba, akiteka maji amembeba, akicheza ngoma amembeba. Watu wakawa wanamtania: "Nakijwa, huyo mtoto ni nundu yako?" Naye anajibu, "Ndiyo, na haiumi."

Mkunde akakua, akaolewa na mfua chuma akiitwa Kiondo, mtu wa upande wa kule. Akaondoka kwa njia ya bondeni inayozunguka mlima. Dada akamsindikiza mpaka mtoni, akarudi hana la kubeba.

Haukupita muda, wezi wa ng'ombe wakaingia bondeni. Wakachoma, wakaua. Njia ikafungwa. Miaka ikapita, wanangu. Nakijwa hajui kama mdogo wake anakula, hajui kama anaugua, hajui kama amezaa.

Ndipo siku moja akaja Mrutu, mrina asali, akasema, "Mama Nakijwa, nimekutana msituni na warina wa kule. Mke wa Kiondo amejifungua mtoto wa kike. Anakusalimu."

Nakijwa akaketi chini palepale, kwenye vumbi.

"Mrutu baba, huko juu Irindi mtu anafika?"

"Anafika akiwa na moyo. Utapita mianzi, utapita ukungu, juu kabisa kuna jiwe pana. Anga likifunguka, unaona huku na kule kama uliyepanda darini."

"Basi wapelekee warina neno langu, wamfikishie Mkunde. Wamwambie hivi: mringaringa ukichanua maua meupe, apande. Na mimi nitapanda. Tukutane kwenye jiwe."

Sasa hivi mnacheka nini? Hakukuwa na kalenda ukutani wakati ule. Mti ndio ulikuwa kalenda.

Basi Nakijwa akaanza kujiandaa. Akakausha ndizi, akasaga unga. Akashona ngozi mbili, moja ya kujifunika yeye na moja ndogo, ndogo kabisa. Mumewe, Mbaga, akamuuliza, "Hiyo ndogo ya nani?" Akasema, "Huko juu kuna baridi. Unadhani mtoto atafunikwa na mawingu?" Mbaga akaenda kunoa panga la kufyekea njia.

Mringaringa wa nyuma ya nyumba ukachanua. Ukawa mweupe, nyuki wakaujaa. Nakijwa na Mbaga wakapanda. Wakapanda, wakapanda. Mianzi ikawachana. Wakapanda, wakapanda. Ukungu ukawameza. Wakafika kwenye jiwe, na Mkunde hayupo.

"Yuko njiani," akasema Nakijwa.

Kukapambazuka, hayupo. Kukapambazuka tena, hayupo. Kila tawi likivunjika Nakijwa anasimama, kumbe ni nyani. Anaita, "Mkundeee!" na sauti inazama kwenye ukungu kama jiwe kwenye uji.

Mwishowe Mbaga akasema kwa upole, "Mke wangu, moto umetushinda na wewe unakohoa. Twende nyumbani."

"Amenisahau," akasema Nakijwa. "Amepata mume, amepata mtoto, mimi wa nini tena?"

Akakunja ngozi yake. Mbaga akanyanyua mzigo wa ndizi kavu na unga ili wateremke nao. Nakijwa akamshika mkono.

"Uache. Na ngozi ndogo iache."

"Si umesema amekusahau?"

"Nimesema. Lakini akija, ashinde na njaa?"

Akaufunga mzigo juu mtini, mbali na nyani. Akateremka analia, na kuanzia siku hiyo jina la Mkunde halikutajwa nyumbani kwake. Mtu akilitaja, anainuka anakwenda shambani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mvua yetu inatoka baharini. Inapiga upande wa huku kwanza, inalowesha, inashiba. Inayovuka mlima kwenda kule ni mabaki, nayo huchelewa. Kwa hiyo Nakijwa alipokuwa kileleni anaita, kule kwa Mkunde mringaringa ulikuwa mkavu kama kuni. Na Mkunde, kila asubuhi, mtoto mgongoni, alikuwa anatoka kwenda kuutazama mti.

"Bado," anamwambia mumewe. "Bado. Bado."

Siku ulipochanua, alipiga vigelegele peke yake. Akafunga mtama, akafunga mbaazi, wakapanda na Kiondo. Wakafika kwenye jiwe. Kimya. Majivu ya zamani, yameloa. Kiondo akatazama juu akauona mzigo, akauteremsha. Mkunde alipoona ile ngozi ndogo, akaikumbatia.

"Alikuja," akasema. "Alikuja, akatusubiri, akaondoka."

"Turudi basi," akasema Kiondo. "Tutatuma neno tena."

"Neno gani tena? Dada yangu ameondoka hapa akijua simtaki. Mimi nateremkia kwake."

"Mkunde, huko hatujawahi kupita. Njia huijui."

"Njia siijui. Dada namjua."

Akamfunika mtoto ile ngozi, akashika njia ya huku. Kiondo naye akamfuata, afanye nini? Wakateremka, wakateremka. Wakateleza, wakainuka, wakateremka.

Nakijwa alikuwa kijitoni anachimba magimbi, matope mpaka magotini. Akasikia nyuma yake, "Dada."

Hakugeuka. Aliijua sauti, ndiyo maana hakugeuka.

"Umechelewa," akasema.

"Dada, nimekuja siku ileile mti ulipochanua."

"Usinidanganye, Mkunde. Mringaringa ulichanua zamani. Maua yake yameshaoza."

"Kwetu ndiyo kwanza yamefunguka! Tazama, nilikuchumia."

Nakijwa akageuka. Mkononi mwa Mkunde mlikuwa na maua ya mringaringa, yamebondeka lakini meupe. Nakijwa akayatazama, akautazama mti wake kule nyuma ya nyumba, umeshazaa mbegu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye matope, na kicheko kikageuka kilio. Mkunde naye akaingia matopeni na nguo zake za safari, akajilaza mgongoni mwa dada yake kama zamani.

"Umekuwa mzito," akasema Nakijwa.

"Nundu yako imekua."

Mtoto wakamsahau kwa Kiondo, mpaka akalia mwenyewe.

Mkunde alikaa kwa dada yake hadi mtoto akajua kusimama. Siku ya kurudi, wakapanda Irindi wote pamoja. Safari hii anga likafunguka. Nakijwa akasimama juu ya jiwe akatazama huku: kijani tupu. Akatazama kule: udongo mwekundu, vichaka vya kijivu, moshi mwembamba mbali. Akatazama muda mrefu.

"Ndiko unakoishi?"

"Ndiko."

"Na mvua inawafikia lini?"

"Baada yenu, dada. Siku zote baada yenu."

Nakijwa akamvuta mdogo wake karibu. "Ningekuuliza tangu mwanzo," akasema.

Tangu hapo wakawa wanapatana idadi ya miezi, wa mwisho ukiandama wanapanda, kwa sababu mwezi unaonekana pande zote. Wengine wakawafuata, mpaka njia ikafunguka msituni.

Basi, wajukuu zangu, mkipanga jambo na mtu, msimpimie kwa mvua ya kwenu. Muulizeni kwake kukoje. Na akichelewa, kabla hamjasema amewasahau, ngojeni kwanza asimulie alikotoka.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye bega akibebe, mwenye usingizi akilalie.