Utepe wa Mgeni Rasmi

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, watu wa Lupando walichoka kuwabeba wajawazito kwa machela mpaka hospitali ya ng'ambo ya mto. Wakasema, tujenge chumba chetu cha upasuaji hapa kwenye kituo cha afya. Wanaume wakasomba mawe. Wanawake wakasomba mchanga. Mwenye ng'ombe akauza ng'ombe. Chumba kikasimama, serikali ikaleta kitanda, taa na vifaa, ikamleta na Tabibu Komba, bingwa wa kupasua. Kilichobaki ni sherehe tu.

Mnacheka? Chekeni, mnatujua. Kwetu kitu kisipozinduliwa hakijawa kitu.

Kwenye mkutano wa kijiji, wa kwanza kusimama alikuwa Asajile, fundi seremala aliyeupachika mlango wa chumba kile. Akasema, "Mlango huu asiuguse mtu mpaka mgeni rasmi aje. Tukimpa heshima yake, atatupa na gari la wagonjwa." Mkutano mzima ukapiga makofi. Utepe mwekundu ukafungwa mlangoni, na ufunguo akakabidhiwa mwenyekiti, Mzee Gwakisa.

Mgeni rasmi akasema anakuja. Akapata safari. Akasema anakuja. Akapata udhuru. Ng'ombe wa sherehe akanenepa bure, utepe ukapauka kwa jua, na mlango ukabaki umefungwa.

Ndipo Tumpe, mke wa Asajile, akashikwa na uchungu. Mama mkwe wake, Mama Syekile, akamwambia, "Vumilia, mwanangu. Uzazi wa kwanza huchelewa. Ukikimbilia kisu, watasema mke wa mwanangu mvivu wa kuzaa." Tumpe alikuwa na adabu. Akavumilia. Asajile aliporudi kutoka kazini alimkuta sauti imemkauka, akambeba mbiombio mpaka kituoni.

Tabibu Komba akampima, akasema, "Mtoto amekwama. Huyu ni wa kupasuliwa, tena sasa hivi." Wote wakageuka wakautazama mlango.

Mzee Gwakisa akaitwa. Akaja na ufunguo mfukoni.

"Baba, fungua," Asajile akamwambia.

"Nifungue vipi, mwanangu? Mgeni amethibitisha, keshokutwa yupo hapa. Akikuta utepe umekatwa, gari la wagonjwa tulisahau. Wake za wenzako watabebwa na nini? Na si wewe mwenyewe uliyesema asiuguse mtu?"

Asajile akamgeukia Tabibu Komba.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao. Teke moja la Tabibu Komba lingetosha. Lakini Komba alikuwa ameletwa Lupando baada ya kubishana na wakubwa wake kule alikotoka, na hakutaka kuhamishwa tena. Akainamisha kichwa, akasema, "Tumwahishe ng'ambo."

Machela ikatolewa tena. Wakafika mtoni, wakakuta maji yamefunika daraja. Wakarudi.

Mzee Gwakisa alipoiona machela inarudi, hakungoja kuambiwa. Aliukata utepe kwa mikono yake, akafungua mlango huku analia. Komba akapasua. Mtoto wa kike akatoka mzima, akalia. Tumpe hakuamka. Alikuwa amevuja damu nyingi mno njiani. Inauma, jamani. Hata kuisimulia inauma.

Matanga yalipokwisha, watu watatu wakamfuata Asajile nyumbani.

Mzee Gwakisa akasema, "Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliwafikiria wanawake watakaokuja, nikamwacha aliyekuwa mbele yangu. Msamaha nauomba mimi."

Tabibu Komba akasema, "Mimi ndiye niliyejua. Mzee hakusomea tumbo la mzazi, mimi nimesomea. Ningevunja mlango, ningepoteza kazi, na Tumpe angekuwa hapa. Msamaha nauomba mimi."

Mama Syekile akasema, "Nyinyi mlimchelewesha mlangoni, mimi nilimchelewesha chumbani. Alinishika mkono akaniambia, 'Mama, si kawaida hii.' Nikamnyamazisha. Msamaha nauomba mimi."

Asajile alikuwa amempakata mwanawe. Akasema, "Nimewasikia. Wala siwachukii. Ila nikijitafuta moyoni naona nimebakiwa na msamaha wa mtu mmoja tu. Nikisema nimewasamehe nyote, nitakuwa nawadanganya."

Wakatazamana. Mama Syekile akasogea, akamchukua mtoto, akasema taratibu, "Basi usinipe mimi, mwanangu. Jipe mwenyewe. Tangu tumzike huli, na aliyesimama wa kwanza mkutanoni ni wewe."

Asajile aliinuka. Alitoka nje, akakaa kibarazani peke yake.

Mgeni rasmi? Alikuja, ndiyo. Ikabidi wanunue utepe mwingine. Akaukata, akapigiwa makofi, akala ng'ombe, akaahidi gari.

Sasa nyinyi mlionisikiliza, msiiname. Yupo mwenye ufunguo. Yupo mwenye elimu. Yupo aliyemnyamazisha mgonjwa. Na yupo aliyelitoa neno la kwanza, akafiwa kwa neno lake mwenyewe. Msamaha ni mmoja. Je, nani alistahili?