Siku Digidigi Alipomwaga Wino

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ligi yao ya mpira, palikuwa na timu mbili zisizopikika chungu kimoja. Ya kwanza ni Bwawani, mwenyekiti wake Kiboko. Ya pili ni Kichuguuni, timu ya wadogo wadogo wanaoishi ndani ya kichuguu kikubwa, na kocha wao alikuwa Nguchiro, mama mmoja mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Msiniulize mpira ulishonwa na nani. Ulishonwa.

Timu hizi hazikugombea kombe. Kombe mnyama atalipeleka wapi? Ziligombea maji. Iliyoshinda ilikunywa kwanza kwenye chemchemi kiangazi chote, na iliyoshindwa ilisubiri mpaka ibaki tope. Kiangazi kilichopita Kichuguuni walikunywa tope, na wazee wao wawili hawakufika mvua za kwanza. Nguchiro aliwazika mwenyewe, na tangu siku hiyo alikuwa anawaza mechi moja tu, ile inayokuja.

Tumaini lake lilikuwa Digidigi. Alimlea mwenyewe tangu anaanguka kila akijaribu kusimama, na sasa alikuwa kinda. Kinda kwa watu wa mpira ni mchezaji mchanga ambaye bado hajafanya lolote kubwa, lakini kila mwenye timu anamtolea macho. Digidigi akipata mpira, fyuu, ameshapita, na beki anabaki anatazama majani.

Basi asubuhi moja, Nguchiro akasikia nje, "Hodi. Hodi wenyewe."

Sauti ilikuwa ya Kiboko, na hapo hapo roho ya Nguchiro ikasita. Kiboko hakuwa na tabia ya kubisha hodi. Yeye hupita tu, na wewe ndiye unayetafuta pa kujibanza.

"Karibu, Mwenyekiti," akasema, akitoa kichwa tu. "Karibu hapo hapo nje, maana mlango wetu unaujua."

"Starehe, Bi Nguchiro, hapa panatosha." Kiboko akaketi, pu, vumbi likatimka. "Nimekuja kwa adabu, kama mtu anayekuja kuposa. Namtaka kijana wako Digidigi. Pembe zake zimeshachomoza, sheria ya ligi inamruhusu kujisainia mwenyewe. Lakini nikasema hapana, nyumba ina mwenyewe, nikamwone mlezi."

"Na mlezi anapata nini?"

"Desturi unaijua. Ukichukua kinda, unatoa mchezaji badala yake. Nakupa Kobe. Mzoefu sana huyo."

"Uzoefu wa nini, wa kuchelewa?"

Kiboko akacheka, mwaa, mpaka meno ya ndani yakaonekana. Nguchiro hakucheka. Alikuwa anajiuliza mtu mwenye timu iliyojaa namna ile anamtakia nini mtoto wake wiki ya mechi.

"Nipe muda nifikiri, Mwenyekiti."

"Fikiri, mama. Ila usifikiri sana, kijana mwenyewe ameshafikiri."

Neno hilo lilimchoma. Digidigi aliporudi kutoka malishoni, Nguchiro hakumwuliza kitu. Alimtazama miguu tu. Kwato zilikuwa na tope jeusi, na kwenye kichuguu kile, wajukuu zangu, tope la namna hiyo halikuwepo hata la dawa. Lilikuwa la bwawani.

"Umekwenda kwa Kiboko."

Digidigi akainamisha kichwa, halafu akakiinua. "Nimekwenda, shangazi. Na nitasaini. Kule kuna majani mabichi mwaka mzima. Hapa tuna nini? Tuna mchwa."

"Kaka yako Swala alisema hivyo hivyo mwaka jana. Umemwona Swala uwanjani hata siku moja tangu aondoke?"

"Mwenyekiti anasema anasugua benchi kwanza, azoee."

Hapa niwaambie. Mchezaji anayekaa pembeni bila kupangwa, watu wa mpira husema anasugua benchi. Ni maneno ya mdomo tu. Lakini Nguchiro alikuwa na ugonjwa wa kutoamini, na neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake, jua la utosi, viboko wote wamezama wanalala, akapenya kwenye matete mpaka karibu kabisa na bwawa. Akasikia, kwaru, kwaru, kwaru. Akachungulia. Pale ukingoni palikuwa na benchi refu la jiwe wanakoketi wakubwa wa Bwawani wakitoka majini. Na Swala, yule Swala aliyekuwa akikimbia watu wanashika vichwa, alikuwa amepiga magoti anasugua tope la jana kwenye benchi kwa konzi ya mchanga.

"Swala," akanong'ona. "Unafanya nini, mwanangu?"

Swala akashtuka, akaangalia bwawa kwanza, ndipo akamwangalia yeye. "Nasugua benchi, shangazi."

"Naona. Nauliza mpira uko wapi?"

"Mkataba unasema nitaanza kwa kusugua benchi. Nilidhani ni lugha ya mpira. Kumbe Mwenyekiti alimaanisha benchi." Akapunguza sauti. "Hanitaki nicheze. Alitaka tu nisicheze kwenu. Ondoka, shangazi, ataamka."

Nguchiro akarudi nyumbani kwa hasira. Akamwambia Digidigi yote aliyoyaona. Unafikiri kijana aliamini? Thubutu.

"Shangazi, wewe humwamini mtu yeyote," Digidigi akasema. "Hata mvua ikinyesha unauliza imetumwa na nani. Unataka nizeeke hapa."

Akatoka. Nguchiro akabaki peke yake, na nitasema kweli, alilia. Akimkataza ataondoka kwa hasira. Akimwacha ataondoka kwa furaha. Kwa vyovyote vile Kichuguuni watakunywa tope, na mtoto atakuwa amepiga magoti kule kwenye matete. Akakaa akiyageuzageuza maneno ya Kiboko moja moja, jinsi mtu anavyochambua mchele. Alipomaliza alifuta macho, akatuma kumwita Kiboko.

Hakuitwa Kiboko peke yake. Aliitwa pia Kasuku, msajili wa ligi, ambaye hakuwahi kuandika kitu maishani mwake. Ukisema mbele ya Kasuku, neno lako amelishika kama lilivyo, na siku ukibisha anakurudishia kwa sauti yako mwenyewe.

"Nimekubali," Nguchiro akasema. "Ila Kobe simtaki. Nipe Swala, na unipe leo."

Kiboko akamtazama kwa jicho moja. Naye hakuwa mjinga wa kupindukia. "Swala? Ana nini huyo?"

"Hana kitu. Anasugua benchi tu, si ndivyo? Mimi naona haya kurudi kwa watu wangu na Kobe."

Kiboko akafikiri. Benchi atasugua mwingine, tena kijana zaidi. "Mchukue. Na Digidigi?"

"Digidigi atamwaga wino siku ya mechi, uwanjani, mbele ya wote, wasije wakasema nimemficha."

Mnajua kumwaga wino? Ni kutia saini mkataba. Zamani zile mchezaji alichovya kwato kwenye kibuyu cha wino wa masizi, akagonga kwenye gome la mgomba, na watu wakasema fulani amemwaga wino. Hata leo wanasema hivyo.

"Safi kabisa," Kiboko akasema.

"Mimi ni mtu wa mashaka, Mwenyekiti, nivumilie. Nataka usikike. Akishamwaga wino, hutakuja tena kudai kitu hapa kichuguuni?"

Kiboko akajivimbisha. Alipenda kusikika. "Kasuku, shika. Mimi Kiboko nasema, siku Digidigi akimwaga wino mbele ya watu, biashara yangu na Kichuguuni imekwisha. Sitadai kitu kingine wala mchezaji mwingine."

"Hata ukikumbuka kitu baadaye?"

"Hata nikikumbuka."

Kasuku akakohoa kidogo, akasema maneno yameshikika.

Jioni hiyo Swala akarudi nyumbani. Watoto wakamzunguka, wakamwuliza habari za Bwawani, naye akasema kule ni kuzuri, alicheza sana, mashabiki walimbeba. Nguchiro akaduwaa. Kumbe aibu ilikuwa imemshika mtoto wa watu mpaka anadanganya. Digidigi akamgeukia shangazi yake, na macho yake yalikuwa yanasema, unaona?

Nguchiro hakubishana. Akautupa mpira katikati yao. "Haya, mabingwa, nionyesheni."

Swala akaufuata, hatua chache, kisha akasimama anachechemea. Digidigi akacheka, akadhani ni mchezo. Halafu akamtazama magoti. Manyoya yalikuwa yameisha, na ngozi imeota sugu, ngumu, nyeusi, kama ya ngamia. Digidigi alitazama sugu zile muda mrefu, akaingia ndani kulala bila kula. Alichoamua hakumwambia mtu, na Nguchiro hakulala vizuri.

Asubuhi ya mechi, wakiwa njiani kwenda uwanjani, Nguchiro akamwambia jambo moja tu. "Mwanangu, Mwenyekiti ameapa kwa maneno mawili, kumwaga wino. Hakutaja gome. Hakutaja kugonga. Mimi sikulazimishi, mguu ni wako."

Digidigi akatangulia mbele. Nguchiro akazidi kuingiwa na wasiwasi, maana alimlea mtoto huyu na bado hakuweza kusoma uso wake.

Uwanja ulijaa. Kiboko alikuwa ameketi mbele, kifua wazi, kibuyu cha wino kiko mbele ya tumbo lake na gome la mgomba limetandikwa. Alikuwa ameshawatangazia watu wake kuwa kinda yuko mfukoni. Tena alikuwa amemfukuza mshambuliaji wake wa zamani, ili nafasi ionekane ipo.

"Njoo, kijana, tumalize," akasema kwa sauti ya asali.

Digidigi akasogea. Akainua kwato juu ya kibuyu. Nguchiro akafumba jicho moja.

"Mwenyekiti," Digidigi akasema, "nikisaini sasa hivi, leo nitacheza?"

"Leo? Leo pumzika, baba. Leo utasugua benchi kwanza, uzoee."

Digidigi akageuza kichwa, akamtafuta Swala kwenye umati. Swala alikuwa amesimama nyuma kabisa, na safari hii hakudanganya. Alitikisa kichwa polepole, hapana.

Digidigi akarudisha kwato nyuma, akakipiga kibuyu teke. Pwaa! Wino wote ukaruka, ukamwenea Kiboko usoni, kifuani, mpaka kwenye mikunjo ya shingo. Gome la mgomba likabaki jeupe peee.

"Amemwaga wino," Nguchiro akasema. Sauti yake ilisikika uwanja mzima.

"Amemwaga nini?" Kiboko akanguruma, wino unamchuruzika puani. "Saini iko wapi? Leteni kibuyu kingine! Kijana ni wangu!"

"Mwenyekiti, mimi ni mtu wa mashaka, nimesahau tulivyosema. Tumwulize Kasuku."

Kasuku akasimama, akajinyoosha manyoya, na ikatoka sauti ya Kiboko mwenyewe, na majivuno yake yote: "Siku Digidigi akimwaga wino mbele ya watu, biashara yangu na Kichuguuni imekwisha. Sitadai kitu kingine wala mchezaji mwingine. Hata nikikumbuka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mpaka mashabiki wa Bwawani walijishika mbavu. Kiboko akaona hana pa kushika. Akaenda kujitosa bwawani, chubwi, kujiosha, na wanasema mpaka leo anajiosha.

Bwawani wakaingia uwanjani bila mshambuliaji. Walikuwa wakubwa na wenye nguvu, wakabana mpaka jua likaanza kushuka, lakini mpira mmoja ulimfikia Digidigi pembeni, na Digidigi, fyuu, alishapita. Moja bila.

Kiangazi kile Kichuguuni walikunywa kwanza. Maji yalikuwa meupe na baridi. Nguchiro aliwatanguliza wazee, kisha watoto, kisha Swala. Yeye alikunywa wa mwisho, na hata hapo alinusa kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo, nanyi mkalale na hili moja: mtu akikuletea mkataba mtamu, muulize waliosaini kabla yako wako wapi leo.