Mke wa Mwimbaji wa Country

Wapendwa, na nyinyi wanaume mliokaa karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka, sikieni. Kulikuwa na mwimbaji mmoja wa muziki wa country, mtu wa kofia pana na buti, aliyeimba kila Jumamosi kwenye baa ya nyama choma. Nyimbo zake zilikuwa za kumcheka mkewe: anavyokoroma, anavyopanda pikapu ikainama upande. Na ule uliopendwa zaidi, eti mke katoroka na muuza mbuzi, mume kabaki akiwalilia mbuzi.

Mke hakuwa ametoroka popote. Alikuwa sokoni anauza viazi, na wateja wanamwuliza, "Mama, mbuzi hawajambo?" Naye anacheka. Angefanyaje? Ni nani hapa hajawahi kumcheka mtu hivyo? Shusheni mikono, nawajua.

Jioni moja akasema, "Baba watoto, hata binti yetu shuleni wanamlilia mee. Niimbie wimbo mmoja tu wa kweli."

"Kweli ipi?"

"Kwamba ulipovunjika mguu, nililala sakafuni hospitalini kando ya kitanda chako."

"Ah, mama, huo nani atacheza? Watu wanataka kucheka."

Yule mama akafungasha nguo, akachukua watoto, akarudi kwao.

Jumamosi ikafika. Mwimbaji akapanda jukwaani, akavua kofia. "Jamani, leo siimbi. Mke wangu ameniacha."

Sasa, si mnajua hizo nyimbo huanza kwa maneno ya huzuni? Mpiga gitaa akaanza kumfuatisha taratibu. Mwimbaji akalia machozi. Watu wakapiga vigelegele. "Na mbuzi je?" akauliza mlevi mmoja, baa nzima ikaangua kicheko.

"Si wimbo!" mwimbaji akapaza sauti.

"Si wimbo! Si wimbo!" wakaitikia wote, wakaanza kucheza.

Ndugu zangu, sisi tunadhani mzaha uliochekwa umesamehewa. Mkeo hucheka mbele ya wageni kwa sababu akinuna ataaibika mara mbili. Na nyinyi akina mama, msijifanye watakatifu. Nimewasikia mkiwachambua waume zenu hapo kisimani.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwambie mtu wako neno moja jema la kweli. Liseme kwa sauti, majirani tusikie. Yale mengine yote tumeshayasikia.